Mwongozo Kamili wa Kebo ya Koaksia: Jinsi Ishara Inavyosafiri Kutoka Kwenye Dishi Hadi Kwenye King'amuzi

Waya unaoshuka kutoka kwenye dishi hadi nyuma ya king'amuzi, ambao madukani huitwa waya wa dishi na vitabuni huitwa kebo ya koaksia, hufanya kazi tatu kwa wakati mmoja. Unateremsha mawimbi ya masafa ya kati ya megahezi 950 na 2150 yaliyobeba picha na sauti. Unapandisha umeme wa volti 13 au 18 unaoiendesha LNB, kile kifaa kidogo cha kupokelea mawimbi kilicho mbele ya dishi. Na juu ya umeme huohuo unapandisha mtetemo wa kilohezi 22, ambao ni amri ya kuiambia LNB ihamie sehemu ya juu ya bendi. Yote hayo hupita kwenye vipitishi viwili tu bila kugongana. Anayeelewa kwa nini hayagongani ataifunga kebo hiyo vizuri, na siku picha zitakapopotea ataitafuta hitilafu bila kubadilisha vifaa kimoja baada ya kingine kwa kubahatisha.

Mwongozo huu unachukua mfano wa dishi la bendi ya Ku lililofungwa juu ya paa la nyumba ya kawaida, lenye kebo ya mita 25 hivi. Maelezo karibu yote yanafaa pia kwa antena ya kawaida ya king'amuzi cha ardhini, na pale ambapo mambo yanatofautiana nitasema.

Hatua ya kwanza: kata kipande ukichunguze

Kabla ya kununua kebo nzima, omba kipande cha sentimita kumi, ukichane kwa kisu kikali kutoka nje kwenda ndani. Chini ya ganda la plastiki utakuta wavu wa nyuzi nyembamba za alumini au shaba. Chini ya wavu kuna karatasi laini ya alumini iliyozunguka kila upande. Chini yake kuna povu jeupe la polietileni. Na katikati kabisa kuna waya mmoja usiosokotwa. Katika kebo ya aina ya RG6, ambayo ndiyo inayopaswa kutumika kwa dishi, waya wa katikati una kipenyo cha milimita 1.02, povu linafikia kipenyo cha milimita 4.57, na ganda la nje ni karibu milimita 6.9. Matabaka hayo yote yana mhimili mmoja, na hiyo ndiyo maana ya neno koaksia.

Mpangilio huu ni wa zamani. Oliver Heaviside alipata hataza yake Uingereza mwaka 1880, alipokuwa akitafuta njia ya kuzuia nyaya za mawasiliano zilizolazwa sambamba zisiingiliane. Karibu miaka hamsini baadaye, mwaka 1929, Lloyd Espenschied na Herman Affel wa Marekani waliomba hataza ya kuitumia kusafirishia masafa mapana, yaani ishara nyingi kwa pamoja, na kebo za televisheni za leo ni wazao wa wazo hilo.

Sasa tazama lile povu jeupe, kwa sababu mafundi wengi hulichukulia kama kijazio tu. Wengi hudhani kwamba ishara hupita ndani ya shaba kama maji yanavyopita bombani, na kwamba povu na wavu ni vya kuilinda shaba hiyo. Ukweli ni kwamba elektroni ndani ya shaba hutembea polepole mno. Ukipitisha umeme wa miliampia 150 unaotosha kuiendesha LNB kwenye waya wa shaba tupu wa milimita 1.02, kila elektroni husogea kwa wastani sentimita tano hivi kwa saa. Kwa mwendo huo ingehitaji takriban wiki tatu kupanda mita 25 hadi juu ya paa, ilhali LNB huwaka mara tu king'amuzi kinapowashwa. Kinachosafiri haraka ni mawimbi, na mawimbi hayo yanaishi katika nafasi iliyo kati ya waya wa katikati na karatasi ya alumini, yaani ndani ya povu. Shaba na alumini ni kingo za njia. Povu ndilo njia yenyewe.

Ndani ya nafasi hiyo uga wa umeme hutoka kwenye waya wa katikati kwenda kwenye ukuta wa alumini pande zote, kama spoku za gurudumu la baiskeli, na uga wa sumaku huuzunguka waya wa katikati kama pete. Uga hizi mbili husonga mbele pamoja. Mwendo wao unategemea kitu kilichojaza nafasi: katika povu zuri ni takriban asilimia 82 hadi 85 ya mwendo wa mwanga, kwa hiyo mita 25 hupitwa kwa karibu sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde. Ukiibonyeza kebo kwa klipu iliyokaza sana, au ukaliacha povu linyonye maji, shaba yako itabaki nzima kabisa lakini njia ya ishara itakuwa imeharibika. Karibu kila sharti katika hatua zinazofuata linatokana na jambo hili.

Ukuta wa alumini una kazi mbili. Mkondo unaokwenda kwenye waya wa katikati hurudi kwa kiasi kilekile kwenye uso wa ndani wa ukuta, ukielekea upande wa pili, kwa hiyo nje ya kebo uga za sumaku hufutana na hakuna kinachovuja. Wakati huohuo kelele za umeme kutoka nje, ziwe za pikipiki inayopita, taa mbovu au simu iliyo jirani, huishia kwenye uso wa nje wa ukuta uleule. Je, nyuso mbili za karatasi nyembamba hivyo zinawezaje kubeba mikondo tofauti bila kuchanganyika? Jibu ni kwamba umeme wa masafa ya juu hauzami ndani ya metali. Katika shaba, umeme wa nyumbani wa hezi 50 huzama milimita 9 hivi, lakini kwa gigahezi moja huzama milimita 0.002 tu, na katika alumini hali haiko mbali na hapo. Kwa mawimbi hayo, uso wa ndani na uso wa nje wa karatasi ile ni kama kuta mbili zisizojuana.

Na zile kazi tatu hazigongani kwa sababu masafa yake yako mbali sana: umeme wa kuendesha LNB haubadiliki, amri ni kilohezi 22, na picha ziko karibu na gigahezi. Kila mwisho wa kebo kuna kapasita na koili ndogo zinazopitisha kimoja na kuzuia kingine. Kebo haihusiki na uchaguzi huo. Yenyewe hubeba tu.

Hatua ya pili: hakikisha ni omu 75

Kwenye ganda la kebo pameandikwa 75, na namba hii huwachanganya watu wengi, maana wanaweka mita ya kupimia omu kwenye ncha mbili za kebo na hawaioni. Hawataiona, kwa kuwa si ukinzani wa shaba. Ni uwiano kati ya volti na mkondo wa wimbi linaposafiri ndani ya kebo, nao ni uleule iwe kebo ina urefu wa mita moja au mia moja. Kitaalamu huitwa impedansi bainifu, na inaamuliwa na mambo mawili: upana wa povu ukilinganishwa na upana wa waya wa katikati, na aina ya povu.

Anayependa kuhakikisha anaweza kupima kwa kalipa. Gawanya kipenyo cha povu kwa kipenyo cha waya wa katikati, tafuta logi ya kizio cha kumi ya jibu, zidisha kwa 138, kisha gawanya kwa kipeuo cha pili cha thamani ya dielektri ya povu, ambacho kwa povu la RG6 ni takriban 1.2. Kwa vipimo vilivyotajwa juu, 4.57 kugawanya kwa 1.02 ni 4.48, logi yake ni 0.65, ukizidisha kwa 138 unapata karibu 90, na ukigawanya kwa 1.2 unapata 75. Fundi hahitaji kufanya hesabu hii kila siku, lakini inaonyesha kwa nini kebo iliyobonyezwa ikawa na milimita tatu na nusu badala ya nne na nusu si ya omu 75 tena pale ilipobonyezwa.

Wimbi linapokutana na mahali ambapo impedansi inabadilika, sehemu yake hurudi lilikotoka, kama mwangwi unaorudi kutoka kwenye ukuta. Ukiunganisha kebo ya RG58 ya omu 50, inayotumiwa na redio za upepo, kwenye mfumo wa omu 75, sehemu moja ya tano ya volti za wimbi hurudi kwenye kiungo hicho, sawa na asilimia 4 ya nguvu. Hasara hiyo ni ndogo, lakini viungo vibovu viwili au vitatu huanza kurushiana mwangwi. Waliotazama televisheni kabla ya mitambo ya analojia kuanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012 wanakumbuka kivuli cha picha kilichokaa pembeni ya picha halisi. Kivuli hicho mara nyingi kilitokana na mawimbi yaliyoruka kwenye majengo au vilima, na wakati mwingine kilitokana na kebo mbovu. Kwenye dijitali hakuna kivuli. Picha hukaa safi mpaka kosa lizidi uwezo wa king'amuzi kulisahihisha, kisha huganda ghafla, na mwenye nyumba hulaumu mvua.

Jambo hili pia linaeleza kwa nini fundi wa umeme wa nyumbani anaweza kuunganisha nyaya kwa kuzisokota na kuzungushia tepu bila shida, ilhali fundi wa dishi hawezi. Wimbi la umeme wa hezi 50 lina urefu wa kilomita 6000, karibu umbali wa Dar es Salaam hadi Roma, na kwa wimbi kubwa hivyo kiungo cha sentimita tano si kitu. Wimbi la megahezi 2150 ndani ya kebo lina urefu wa sentimita 11 au 12 hivi. Kwake, sentimita tano za nyaya zilizosokotwa ni karibu nusu ya urefu wake mzima.

Hatua ya tatu: piga hesabu ya upungufu kabla ya kupanda juu ya paa

Kila mita ya kebo hula sehemu ya ishara, kidogo ndani ya povu na zaidi kwenye metali, kwa sababu ile ya mkondo kubanwa kwenye ngozi nyembamba ya shaba. Masafa yakipanda, ngozi huzidi kuwa nyembamba na hasara huongezeka. Kwa RG6 nzuri chukua makadirio ya desibeli 20 kwa mita 100 kwenye gigahezi moja, na karibu desibeli 30 kwenye megahezi 2150. Desibeli 3 maana yake ni nusu ya nguvu imepotea. Desibeli 10 maana yake imebaki sehemu moja ya kumi.

Kwa mita zetu 25, hasara ni desibeli 5 upande wa chini wa masafa na 7.5 upande wa juu. Kwa maneno mengine, upande wa chini king'amuzi hupata chini kidogo ya theluthi moja ya nguvu iliyotoka kwenye LNB, na upande wa juu hupata chini ya moja ya tano. Usiogope. LNB imekwisha kukuza ishara kwa desibeli 50 hadi 60 kabla haijaingia kwenye kebo, na hasara hii king'amuzi kinaimudu. Kitu cha kukumbuka ni kwamba kebo ikiwa ndefu au mbovu, stesheni za masafa ya juu ndizo hupotea kwanza, na hiyo ni dalili nzuri kuliko kipimo chochote cha kwenye menyu.

Antena ya king'amuzi cha ardhini ni kesi tofauti. Masafa yake, kuanzia megahezi 470, ni ya chini zaidi na hasara yake kwenye kebo ni ndogo kuliko ile ya dishi, pengine desibeli 4 kwa mita 25. Lakini antena ya kawaida haina kikuza sauti wala ishara cha aina yoyote, na ishara inayoingia kwenye kebo ni dhaifu tangu mwanzo. Mtu akinunua busta, yaani kikuza ishara, na kuiweka nyuma ya televisheni anakuza ishara iliyokwisha kuliwa pamoja na kelele zake. Busta inatakiwa kukaa juu, karibu na antena. Kila mara nimeona zinawekwa chini kwa sababu ndiko kwenye soketi ya umeme, na kila mara matokeo ni duni.

Hatua ya nne: kununua

Chukua sumaku ndogo dukani. Ikivuta waya wa katikati, ujue ni chuma kilichopakwa shaba. Wauzaji wengine huificha habari hii kana kwamba ni aibu, na wanunuzi wengine huikataa kebo hiyo papo hapo. Wote wawili wanakosea kidogo. Kwa picha, chuma kilichopakwa shaba ni sawasawa na shaba tupu, kwa kuwa mawimbi hukaa kwenye ngozi ya nje ambayo ni shaba. Tofauti iko kwenye umeme wa kuendesha LNB, ambao hutumia waya mzima. Shaba tupu ya kipimo hiki ina ukinzani wa takriban omu 2 kwa mita 100, na chuma kilichopakwa shaba kina karibu omu 9 au 10. Kwa mita 25 hutaona tofauti. Kwa mita 60, ukijumlisha na ukinzani wa wavu, LNB inayotumia miliampia 200 hupoteza zaidi ya volti moja na nusu, na volti 18 zilizotoka kwenye king'amuzi hufika juu zikiwa 16 na kidogo. LNB hutambua kwamba inatakiwa kupokea mawimbi yaliyosimama wima inapopata volti 11.5 hadi 14, na yaliyolala mlalo inapopata volti 16 hadi 19, kwa hiyo hapo unatembea ukingoni. Kebo ikizidi mita 40, lipa zaidi upate shaba tupu.

Wavu ndio mahali wenye viwanda wanapobana matumizi. Ukiuvua ganda na kuona karatasi ya alumini ikichungulia kwenye matundu makubwa, na nyuzi zenyewe zikiwa chache kiasi cha kuhesabika kwa haraka, iache. Bonyeza povu kwa ukucha: linatakiwa kuwa gumu kiasi na kurudi. Povu linalobaki na shimo litabaki na shimo pia chini ya klipu.

Hatua ya tano: kupitisha kebo

Usikunje kebo kwa pembe kali. Kipimo kinachofaa ni nusu kipenyo kisichopungua mara kumi ya unene wa kebo, yaani sentimita saba. Kwa jicho, ni mzingo wa kisahani cha kikombe cha chai. Ukiikunja zaidi ya hapo waya wa katikati huhama kutoka katikati na kusogea ukingoni mwa povu, na hata ukiinyoosha baadaye haurudi mahali pake vizuri.

Tumia klipu zinazoikumbatia kebo, na zigongwe mpaka zishike, si mpaka zikandamize. Usiipitishe kwenye bomba moja na nyaya za umeme wa nyumba, kwa usalama kwanza na kwa ubora wa picha pili. Pale ambapo lazima zikutane, zivuke kwa pembe ya mraba. Mahali inapopita kwenye ukingo wa bati, weka kipande cha bomba la plastiki, kwani bati hukata ganda taratibu kila upepo unapovuma.

Kabla kebo haijaingia kwenye tundu la ukutani, iache ishuke chini kidogo ya tundu kisha ipande kuingia. Maji ya mvua yanayotiririka juu ya ganda yatadondoka kwenye kile kitanzi badala ya kuifuata kebo hadi sebuleni. Tundu lenyewe litobolewe likiinama kuelekea nje.

Hatua ya sita: kufunga konekta

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, na ni kazi ya dakika tatu tu. Ganda la nje liondolewe milimita 12 kutoka mwisho bila kukata wavu. Rudisha nyuzi za wavu nyuma, zilale juu ya ganda pande zote. Kisha kata povu pamoja na karatasi yake ya alumini milimita 6 kutoka mwisho, ukizungusha kisu taratibu bila kuchana shaba, kwa sababu mchano mdogo kwenye waya wa katikati ndio mahali utakapokatikia siku moja. Karatasi ya alumini iliyobaki juu ya povu usiibandue. Mabaki ya plastiki kwenye shaba yakwangue kwa ukucha, si kwa kisu.

Kagua sasa kama kuna uzi hata mmoja wa wavu uliogusa waya wa katikati. Uzi mmoja mwembamba kuliko unywele unatosha kuleta shoti, na king'amuzi kitazima umeme wa LNB kujilinda.

Sukuma konekta mpaka povu jeupe lilingane sawasawa na sakafu ya ndani ya konekta. Lisipofika, umeacha nafasi ya hewa isiyo ya omu 75. Likizidi, nati haitafunga sawasawa. Waya wa katikati utokeze karibu milimita 3 nje ya ukingo wa nati, kwani katika konekta ya aina ya F waya huo ndio pini yenyewe. Konekta za kubanwa kwa koleo maalumu la kusukuma ni bora kuliko zile za kusokota kwa mkono. Hizi za kusokota zinafaa ndani ya nyumba tu, na hata humo huzilegeza watoto wanaovuta king'amuzi. Zima king'amuzi kwenye soketi kabla ya kufunga nati, kisha kaza kwa vidole na kumalizia kwa spana namba 11, robo mzunguko hivi.

Hatua ya saba: pima kabla ya kulaumu

Kebo ikiwa haijaunganishwa upande wowote, weka mita kwenye omu, mguu mmoja kwenye waya wa katikati na mwingine kwenye mwili wa konekta. Inatakiwa isionyeshe njia yoyote. Kisha mwenzako aunganishe waya wa katikati na konekta upande wa pili kwa kipande cha waya. Sasa kwa mita 25 uone takriban omu 1 kama ni shaba tupu, au omu 3 hadi 4 kama ni chuma kilichopakwa shaba. Namba inayoyumba ukitikisa kebo inaonyesha konekta isiyoshika. Mwisho, washa king'amuzi na upime volti kwenye ncha ya juu: stesheni za upande mmoja zitoe karibu 13, na za upande mwingine karibu 18. Kumbuka kwamba bila LNB volti zitaonekana nzuri hata kwenye kebo mbovu, kwa kuwa hakuna mkondo unaotumika. Ili kupata ukweli, pima LNB ikiwa imeunganishwa.

Nyumba ikiwa na ving'amuzi viwili, usitumie spilita ya kawaida kwenye LNB ya tundu moja. Kimoja kitaomba volti 13 na kingine 18 kwenye kebo ileile, na LNB itamtii anayetuma kubwa. Nunua LNB ya matundu mawili na upitishe kebo ya pili.

Hatua ya nane: maji, chumvi na radi

Maji yakiingia kwenye povu hubadilisha impedansi na kuongeza hasara, na kutokana na hali ya wavu, ambao hunyonya kama utambi, tone lililoingia kwenye konekta ya juu linaweza kukutwa mita kadhaa chini. Miji ya pwani kama Tanga, Mombasa na Unguja huongeza chumvi juu ya hayo, na wavu wa alumini hugeuka unga mweupe. Zungushia konekta ya nje tepu ya mpira inayojishikia yenyewe, ukianza chini kwenda juu ili mikunjo ilaliane kama makuti ya paa. Epuka silikoni inayonuka siki: harufu hiyo ni ya asidi inayotoka inapokauka, nayo hula shaba.

Dishi na wavu wa kebo viunganishwe na ethi ya nyumba, ileile ya umeme, kabla kebo haijaingia ndani. Ethi ya peke yake iliyochimbwa upande mwingine inaweza kuwa na volti tofauti na ile ya nyumba wakati wa radi na kuleta madhara zaidi. Hata hivyo, ethi hiyo haizuii radi inayopiga dishi lenyewe. Kwa wakazi wa bonde la Ziwa Victoria na maeneo kama Kisii, ambako radi ni za kawaida, njia ya uhakika ni kuchomoa kebo na plagi ya umeme kabla mvua haijafika, na kamwe si wakati ngurumo zimeshaanza.

Kupata mahali kebo ilipokatika

Imebaki hitilafu moja inayosumbua kuliko zote: waya wa katikati uliokatika ndani ya ganda lisiloonyesha alama, mara nyingi kwa msumari au panya, mahali fulani ukutani au juu ya dari. Wengi huvuta kebo mpya. Kama mita yako inapima kapasitansi, unaweza kupajua mahali hapo kabla hujapanda ngazi. Waya wa katikati na ukuta wa alumini, pamoja na povu kati yao, ni kapasita ndefu, na RG6 ina takriban pikofaradi 53 kwa kila mita. Chomoa kebo pande zote mbili, pima kutoka chini, na ugawanye jibu kwa 53. Mita 25 nzima zinatakiwa kutoa karibu pikofaradi 1300. Ukipata 400, kebo imekatika mita saba na nusu hivi kutoka hapo uliposimama. Nenda upande wa juu upime tena, na namba mbili zikijumlishwa zikakaribia 1300, mahali ni hapo. Zikizidi 1300 kwa wazi, kuna maji kwenye povu, na kipande hicho hakirekebishiki. Niliwahi kutumia hesabu hii kwenye nyumba ambayo dari yake ilikuwa imebadilishwa wiki moja kabla: ilinipeleka hadi nusu mita kutoka kwenye msumari wa ubao mpya, ambao ulikuwa umepita katikati kabisa ya kebo.